Kadi Mbili

Chidawali amezilaza juu ya kaunta,
kadi mbili za sauti, kijani kwa kijani,
matundu matatu hapa, matundu matatu pale,
meno yaleyale ya rangi ya dhahabu.
"Hii laki na ishirini. Hii laki na thelathini na tano."
Namuuliza hiyo elfu kumi na tano inakwenda wapi.
Anapuliza vumbi la Majengo kwenye kioo.
"Inakwenda sikioni, kaka. Au haiendi."

Mimi si mpiga muziki, wala sina studio.
Nasikiliza nyumbani tu, Chang'ombe, baada ya chakula,
kwa spika mbili za mhasibu aliyehamishwa
na sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili,
bati juu, na pazia zito
ambalo Nyemo amekataa katakata nilitoe.
Sauti ya kompyuta yenyewe imechoka:
ukisogeza kipanya, spika zinakwaruza
kama panya wa kweli yumo kwenye gunia la uwele.

Karatasi zao nimezisoma hadi mikunjo imechanika.
Moja, desibeli mia moja na kumi na sita.
Nyingine, mia moja na kumi na nane.
Mbili!
Nimezitafuta hizo mbili usiku, dirisha limefungwa,
huku upepo wa Agosti ukilitikisa bati
kwa desibeli ambazo hakuna kiwanda kimeziandika.

"Chukua zote," alisema, "Jumatatu unirudishie moja.
Acha kitambulisho."
Nikaacha kadi ya mpiga kura, nikaondoka na kadi mbili.

Jumamosi: bisibisi, skrubu kwenye kisosi,
Nyemo kwenye kochi amefumba macho,
ananing'inia baina ya subira na usingizi.
Nikapiga ile kanda ya Mvumi,
zeze la mjomba na sauti ya shangazi Mbeleje,
iliyonaswa kwa redio ya betri sita
mwaka ambao karanga zilikubali.
Nazima, nafungua, nachomeka, nawasha.
Nazima, nafungua.
"Ipi?"
"Rudia."
"Ipi sasa?"
"Ile ambayo mtoto anakohoa."
"Mtoto gani?"

Nikasogeza kiti.
Yumo. Nyuma ya zeze, upande wa kushoto,
kikohozi kidogo kikavu, mara mbili,
kisha mlango, kisha shangazi anameza neno moja
na kuendelea kana kwamba hakuna kitu.
Miaka thelathini na minne nina kanda hii.
Nikabadilisha kadi. Anakohoa.
Nikarudisha ya kwanza. Anakohoa.

Nikampigia dada yangu, Kongwa, saa nne usiku.
"Nani alikuwa na kikohozi siku ile?"
"Ni wewe," akasema, bila hata kufikiri.
"Ulifukuzwa nje, ukarudi kwa mlango wa jikoni.
Kwani kuna nini? Mbona unapiga usiku?"
Nikamwambia nanunua kadi.
Akanyamaza kidogo, akauliza kama nina afya.

Jumapili sikufanya kazi ya maana.
Niliwabadilisha wale mapacha mara kumi na moja,
vibandiko vya A na B vikabanduka kwa joto,
maboksi yakachanganyika na ya viatu vya Nyemo,
na ilipofika magharibi sikujua tena
ni nani alikuwa ndani, nani mezani.

Jumatatu nikampelekea Chidawali aliyebaki mezani.
Akavaa miwani, akamgeuza kutafuta namba.
Nikaweka kiganja juu yake.
"Usiniambie."
"Sasa utanilipa ngapi?"
Tukavutana. Laki na ishirini na saba,
na mia tano nikamwachia ya soda, akasema haitoshi soda.

Usiku upepo umerudi juu ya bati.
Nyemo amelala.
Nampunguza mjomba, nampunguza shangazi,
nasubiri mlango wa jikoni.